Nyanjige na Bagika wa Ulaya

Kupumzika ni kazi, na katika Bariadi yote hakuna aliyeifanya kwa ufundi kama Nyanjige ng'wana Machibya. Aliianza ukubwani. Kabla ya hapo, kwao Sapiwi, alilima pamba miaka arobaini, pamba nyeupe kiasi kwamba yangeyange walitua shambani wakadhani wamefika kwa ndugu zao. Shule hakuiona hata kwa dirisha. Baba yake alisema mtoto anayejua kama ng'ombe wametimia wakirudi jioni amekwisha kusoma, kilichobaki ni mapambo.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia, watu wakawa wanakimbizana na pamba huku na huko kutafuta bei nzuri, mkokoteni wa ng'ombe ulimpindukia mguuni. Daktari akamwambia mguu utapona, ila jembe basi. Mwanamke mwingine angelia. Yeye aliuliza kama neno la kulala mchana limeandikwa kwenye cheti, maana wakwe zake wasingeamini kwa mdomo. Likaandikwa. Cheti kile alikiweka chini ya mto, na kila aliyepita akamkuta amejinyoosha saa nane ya mchana, alionyeshwa.

Mwanawe Jilala akamhamishia mjini. Msimu mmoja pamba ilipolipa vizuri, Jilala alikwenda Mwanza akarudi na jenereta, televisheni, deki ya video na kasha la kanda, vyote vya Mzungu mmoja mchimba visima aliyekuwa anarudi kwao. Jilala alitarajia kanda za karate. Akawasha, akaona wanawake wenye magauni ya kufagia sakafu, wanaume wenye kofia ndefu kama mitungi, farasi, barua, na watu wakinywa chai bila kushiba. Ilikuwa hadithi moja ya Uingereza ya zamani, kanda sita.

"Nimeibiwa mchana kweupe," alisema.

"Hujaibiwa," mama yake akamjibu kutoka kitandani. "Hizo ni zangu."

Basi kila Jumapili, watu wakitoka kanisani, jenereta ilivutwa kamba, na akina mama wa mtaa wakajaa mikekani. Nyanjige alikaa kwenye kigoda karibu kabisa na kioo. Jumapili ya kwanza Esteria, jirani muuza dagaa, aliuliza, "Wanasema nini, mayu?"

Hapo Nyanjige angeweza kusema hajui. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini alikwisha kukaa mbele, na mtu hakai mbele bure.

"Huyu binti wa gauni jeupe anaitwa Milembe," alisema. "Yule wa kofia ni Zengo. Anamtaka. Baba anadai ng'ombe arobaini, Zengo amefika thelathini."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Sasa ilieleweka kwa nini watu wale walikuwa na nyuso ngumu.

Ilipofika ngoma ndipo jina lake lilipopanda. Wazungu walisimama safu mbili, wanatazamana, wanasogea, wanarudi, hakuna anayecheka. Nyanjige alitazama kidogo tu. "Hao ni Bagika," akaonyesha safu ya kushoto. "Hao ni Bagalu. Wanashindana. Yule mwenye manyoya kichwani ndiye ningi, kiongozi wa ngoma, na dawa yake ameificha kwenye kile kipepeo anachojipepea." Nusu ya chumba wakahamia kushoto, nusu kulia, kama makundi hayo mawili ya ngoma ya Wasukuma yanaposhindana baada ya mavuno, na Stephania, ambaye kwao ni Bagalu wa kuzaliwa, akakataa kula na shoga yake siku nne.

Habari ikatembea. Waliokwenda Lamadi kufuata dagaa waliisimulia huko, na Lamadi waliiongezea chumvi wakairudisha. Watu wa Binza wakasema kuna mama Bariadi aliyeishi London kwa siri. Nyanjige hakukubali wala hakukataa. Alirekebisha tu khanga.

Jumapili ya tano akaja mzee Joakim.

Joakim alikuwa karani wa ushirika tangu ujana wake. Biashara ilipofunguliwa na kazi kupunguzwa, alirudi nyumbani na vitu viwili: koti, na kitabu kinene ambacho mchwa walikwisha kuonja kona. Aliposikia watu wakisimulia habari za binti, barua na kofia, alikitambua kitabu chake. Alikisoma misheni, akakirudia kila mwaka.

"Mwadila, mayu," alisalimia mlangoni. "Nasikia kuna mkalimani."

"Mwadila, baba. Karibu," Nyanjige alisema, na mguu mzima ukamuuma kuliko ule mbovu. Alijua kabisa kilichoingia. Mtu huyu akifungua mdomo, kigoda hakipo tena, na yeye ni kikongwe mwongo mwenye cheti cha kulala.

Kanda ikaenda. Zengo akakaa na baba wa Milembe kwenye chumba cha vitabu, wakaongea kwa sauti ya chini. Nyanjige alisema polepole, "Amefika thelathini na nane." Nyuma yake Joakim akakohoa.

Esteria akageuka. "Mzee, wewe umesoma. Ni thelathini na nane kweli?"

"Hakuna ng'ombe," alisema Joakim. "Baba ndiye anayetakiwa kutoa. Ili kijana amwoe binti, baba ampe kijana fedha. Hana. Ndiyo maana ana huzuni."



"Baba wa binti ndiye atoe?" Stephania aliuliza.

"Ndiyo."

"Na binti anaondoka?"

"Anaondoka."

"Na ng'ombe?"

"Nimesema hakuna."

Kicheko kilichopigwa pale kiliamsha kuku wa nyumba ya tatu. "Mzee wetu," Esteria alisema huku anajifuta machozi, "kama na hesabu za pamba ulikuwa unaziandika hivi, basi sasa najua ushirika uliumwa nini."

Joakim alifungua kitabu kuwaonyesha. Nani angekisoma? Alikigeuza huku, akakigeuza kule, akiutafuta kwa vidole ukurasa wa kuwaonyesha.

Nyanjige alikuwa ameokoka. Kigoda chake, jina lake, London yake, vyote vimesimama, na hakutakiwa hata kufumbua mdomo. Lakini aliitazama ile mikono. Kiingereza kilikuwa dume pekee lililobaki katika zizi la mzee yule, na watu walikuwa wanalicheka nyumbani kwake yeye.

"Jilala, simamisha kanda."

Ikasimama, Zengo mdomo wazi.

"Mzee Joakim amesema kweli," alisema Nyanjige. "Mwongo ni mimi. Sijui Kiingereza. Hata neno moja."

Akina mama wakatazamana. Esteria akatikisa kichwa taratibu. "Mnamwona? Anamsitiri mzee wa watu asiaibike."

"Nawaapia kwa kaburi la marehemu Marcelo."

"Na hata kwa mume wake anaapa," Stephania alinong'ona kwa heshima. "Huo ndio moyo."

Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumsifu, mpaka akachoka. Walipotoka, Joakim alibaki amekaa.

"Mayu, na ile ngoma ya safu mbili? Uliwaambia ni nini?"

"Bagika na Bagalu."

Mzee alifunua kitabu, akasoma kimya, akafunga. "Kurasa kumi na moja," alisema, "na miaka yote sikuelewa kwa nini watu wale wanachukiana wakicheza. Sasa nimeelewa."

Nyanjige alisikia kifua kinamjaa kama gunia la pamba. "Njoo kesho saa nane," alisema. "Nitakuwa nimelala. Unisomee."

Akaja, akaja na keshokutwa, wiki nzima. Yeye amejinyoosha kitandani, mzee kwenye kiti, anasoma sentensi, anaifungua kwa Kiswahili, naye anauliza mpaka ieleweke.

Jumapili iliyofuata palikuwa na vigoda viwili. Nyanjige aliwatangazia kwamba leo hatasema kabla ya mzee. Kanda ikaendelea pale iliposimamishwa, baba na Zengo.

"Baba anamwahidi kijana fedha," alisema Joakim.

Macho yote yakamgeukia Nyanjige.

"Ndivyo ilivyo," alisema. "Kule ni baridi. Zengo ametimiza arobaini, na baba anatoa fedha ya kuwanunulia ng'ombe mablanketi."

Joakim alijificha nyuma ya kitabu, mabega yanamruka.

"Sasa mzee umesema," Esteria alimwambia kwa adabu, akamsogezea karanga. Nyanjige akanyoosha mguu wake mbovu mbele ya kioo, pale ambapo kila mtu angeuona.