Kiganja Mgongoni

Mwaka 2018, nikiwa na miaka hamsini na minane, ndipo taabu yangu ilipoanza. Ilianza siku ambayo mgongo wangu haukuguswa.

Nieleze. Nimebeba watu kwa baiskeli tangu ujana, pale Busia, kutoka geti la Uganda mpaka geti la Kenya na kurudi. Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba yangu nimeijenga kwa miguu hii miwili, na asiyeamini aje aishike. Baiskeli zetu hazikuwa na vioo. Kioo ni yule aliyekaa kwenye keria. Anakaa upande, anatazama nyuma, na kitu kikija anakugusa mgongoni. Kidole kimoja ni pikipiki au gari dogo, endelea. Kiganja kizima ni lori, toka barabarani. Abiria mgeni tulimfundisha kabla hajakaa. Mke wangu hakuhitaji kufundishwa. Alinigusa mgongo miaka yote hiyo, tukienda sokoni, tukienda kanisani, na mimi shingo sikugeuza.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Malaba na katoni za sabuni. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu, na dereva mmoja wa trela akachoka kungoja, akachomoka kutoka nyuma yetu. Kiganja hakikuja. Kilichokuja ni upepo, halafu nikajikuta mtaroni, paja limevunjika, gurudumu la mbele limekunjwa kama chapati. Mke wangu alikuwa kwenye majani, hana hata mchubuko, analia.

"Sikuliona, Baba."

"Kubwa namna ile?"

"Sioni. Ni muda sasa sioni vizuri. Niliogopa kukuambia."

Paja lilitiwa chuma, likapona. Hofu haikupona. Nilikuwa nikisikia breki ya trela ikipumua mbali huko, chaa, mikono inalegea, mdomo unakauka, natafuta mahali pa kukaa. Mwanamume mzima. Sikumwambia mtu. Watu niliwaambia moshi wa malori unamsumbua mama watoto, ndiyo maana siku hizi napita njia za changarawe. Vijana wa pikipiki wa hapa kwetu Iyolwa hawakuniacha.

"Mzee, lami wamekujengea, wewe unapita na ng'ombe!"

"Ng'ombe hawana haraka ya kufa," niliwajibu. "Nyinyi mnakimbilia nini?"

Walicheka. Mimi nilikanyaga pedali nikaondoka, maana nyuma yao kulikuwa na lori linageuza.

Njia zenyewe nilizitafuta kipande kwa kipande. Ipo inayoshuka nyuma ya kanisa, inapita mashamba ya mihogo, inazunguka mawe makubwa hadi unaona mwamba wa Tororo umesimama peke yake mbele yako. Nyingine inafuata ukingo wa kinamasi mpaka kivuko cha mawe mtoni. Kwenda Merikit kwa dada yangu nilikuwa sioni gari kabisa, isipokuwa mahali pamoja ambapo lazima ukate lami. Hapo nilibeba baiskeli begani nikavuka mbio kama mwizi. Na usidhani changarawe ilinipa raha. Kule kuna kimya, na mtu aliyezoea kusikiliza malori akipata kimya anaanza kuyasikia kichwani. Mara ngapi nimeshuka baiskeli nikaingia kwenye mahindi, kumbe ni upepo.

Macho ya mke wangu yakazidi kuharibika. Hospitalini Tororo walituambia la kushoto limekwisha. La kulia linaweza kuokolewa kwa upasuaji, ila daktari wa upasuaji anatoka mbali, anakuja siku moja, na haijulikani lini atarudi. Walitupa siku, Alhamisi, tuwe tumefika kabla ya saa sita. Wakati huo alikuwa anatofautisha mchana na usiku, na mimi na mlango. Daktari akirudi baada ya msimu, hata hilo halitakuwepo.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumpandisha pikipiki. Kwanza, pikipiki inapita lami hiyohiyo. Pili, tangu nimuoe mwanamke huyu hajapanda nyuma ya mwanamume mwingine, na sikuona sababu ya kuanzia uzeeni.

Alhamisi tuliondoka asubuhi na mapema. Anga lilikuwa safi, huku kwetu vumbi tupu, hata tone la mvua hakuna. Upande wa mashariki tu, kule mlima Elgon uliko, kulikuwa na weusi. Niliuona, nikaendelea kukanyaga. Tulipokaribia kivuko nilisikia sauti ambayo si ya kivuko changu. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi na mgomba mzima wenye mkungu wake. Mawe yangu ya kuvukia hayakuonekana. Mwanamke mmoja aliyekuja kuteka maji alikuwa amesimama juu kabisa ya ukingo, mtungi mtupu mkononi.

"Usijaribu, mzee," akasema. "Tangu alfajiri unapanda. Mlimani kumenyesha."

Niliingia. Hatua ya kwanza magoti, ya pili paja, lile lililovunjika, na maji yakalivuta kama mtu anayelitaka. Nikarudi nyuma nimeshika majani kwa mikono miwili.

"Unafanya nini huko?" mke wangu akauliza kutoka ukingoni.

"Napima."

"Unapima nini, Baba? Mimi kipofu nausikia. Tuzunguke, tupite kwenye daraja la lami."

"Lami hapana."

"Moshi?"

Alikuwa anajua siku zote.

"Basi nirudishe nyumbani," akasema. "Mimi nikae na giza langu, na wewe ukae na malori yako. Tutapikiwa na majirani."

Yule mwanamke wa mtungi alicheka, akajifunika mdomo. Mimi nilipanda ukingoni. Nikamwambia mke wangu ukweli kwa mara ya kwanza: nyuma yangu hakuna mtu. Yeye haoni, nitajuaje kinachokuja?

"Masikio ninayo," alisema. "Nikikugusa, toka. Usiniulize kwa nini."

Tukaingia lami. Sijui niandike vipi nikaeleweka. Lami ni laini, baiskeli inateleza yenyewe, na mimi kila mfupa wa mwili wangu unataka kurudi kwenye mawe. Ukingo wa lami umemeguka, ukitoka unashuka kama ngazi. Kiganja kikaja. Nikatoka, tukaruka, sabuni yote ya mwaka ule ikanirudia kichwani. Barabara tupu. Nikageuka, hakuna kitu.

"Mama, hakuna kitu!"

"Subiri."

Tulisubiri. Ndipo likatokeza kilimani, trela la makontena, na nyuma yake la pili linataka kulipita. Yalipotupita kofia yangu iliruka shambani. Sikuifuata. Ipo huko mpaka leo.

Kidole, kiganja, kidole, kiganja. Yale yanayotoka mbele niliyaona mwenyewe, na hayo yalinitosha. Alikuwa anayajua mapema kuliko nilivyowahi kuyajua kwa macho yake mazima. Mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa moyo wangu.

Daraja ndilo lililokuwa baya. Lina ukuta mfupi pande zote mbili, hakuna pa kutokea. Chini mto uleule, umekasirika. Nilisimama mwanzoni nikashindwa kuinua mguu. Lori likapita, gari dogo likapita, na nikawa nauambia mguu inuka, mguu unakataa. Jua lilikuwa linapanda. Saa sita haingojei mtu.

"Sasa," akasema mke wangu.

"Una hakika?"

"Sina. Nenda."

Nilikanyaga. Tulikuwa katikati ya daraja kiganja kilipokuja. Hakikuinuka. Kilibaki pale mgongoni, kizima, kimebanwa, na chini ya magurudumu nikaanza kuhisi daraja linatikisika. Kushuka hapana, kugeuka hapana. Nilikanyaga kwa mguu mzima na kwa mguu wa chuma, nikipiga kelele ambazo sikumbuki ni maneno gani. Honi ililia karibu hivi kwamba niliihisi kwenye meno. Tukatoka darajani, nikaitupa baiskeli kwenye nyasi, yeye juu yangu. Trela likapita, dereva ametoa kichwa dirishani.

"Mzee, umechoka kuishi?"

"Tunawahi daktari!" mke wangu alimpigia kelele, akielekeza uso upande ambao siyo.

Tulifika tukiwa na matope na majani, muuguzi akataka kutupeleka kwa majeruhi. Walimfanyia upasuaji wa jicho mchana ule. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, mgongo ukutani, na kila lori lililopita mjini nililihesabu kwa ngozi.

Siku tulipoondoka mto ulikuwa umeshuka. Sikuuliza mtu, nilipita changarawe, polepole, maana muuguzi alisema jicho lisitikiswe, na kwenye mashimo nilishuka nikasukuma. Njia ilikuwa tupu kama kawaida yake. Ghafla kidole mgongoni. Nikashika breki.

"Nini? Kuna nini?"

"Mbuzi," alisema. "Ana doa jeupe shingoni."

Siku hizi wanakuja vijana wa mijini na baiskeli nene na kofia za plastiki, wanauliza njia isiyo na magari. Nawaonyesha. Wanasema kuna amani. Mimi nawaambia watazame mlima kwanza, kama ni mweusi warudi. Lami bado naiogopa, na siku hizi nasema wazi.

Leo nina nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na bati. Nina ng'ombe wawili na ndama, shamba la mihogo, na migomba nyuma ya jiko. Nina baiskeli mbili, moja haina breki ya nyuma. Nina chuma pajani. Kofia sina. Mke ninaye, jicho lake la kulia linaona, na keria nimeitia godoro.