Bakuli la Dang'a

Naikumbuka siku ile kwa ulimi kabla sijaikumbuka kwa macho, mwanangu. Umenionyesha picha za ndama kwenye simu, wazuri kweli, na unataka gari liende kesho kuwachukua. Sitakuzuia. Keti kidogo tu, nikusimulie nilivyowapata wangu wa kwanza, nikiwa na nguvu kama zako na subira ndogo kuliko yako.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hapa hapa Munje. Baba yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alikuwa ameweka nia: Mungu akijaalia, achinjwe ng'ombe siku ya Idi kubwa kwa niaba ya marehemu. Ng'ombe hakuwa naye. Alikuwa na mbuzi sita aliowalea kwa mikono yake, na wote sita akanikabidhi.

"Nenda ukawabadilishe kwa ndama wawili," akaniambia. "Mmoja wa baba yako, mmoja wa kuanzia maisha yako."

Nilipowaswaga asubuhi ile, aliingia ndani asiwaone wakiondoka.

Nilikwenda kwa mzee mmoja upande wa bara, mtu mkarimu, aliyekuwa akiuza maziwa kwenye mikahawa ya Ukunda na hakutaka kulea madume. Zizini mlikuwa na ndama wawili: mwekundu wa siku tano, na mweupe aliyezaliwa jana yake. Nikawapapasa mgongo, nikaona manyoya yanang'aa, nikaridhika. Kisha tukakaribishwa mkekani, na mke wa mzee akaleta dang'a, yale maziwa mazito ya manjano anayoyatoa ng'ombe akishazaa tu. Kwetu hupikwa kwa sukari na iliki mpaka yakagandamana, na majirani wakaitwa, maana neema haifichwi. Mgeni njoo mwenyeji apone, na siku hiyo mgeni alipona zaidi: nilikula mabakuli mawili, nikalamba na kijiko.

Siku ya tatu nyumbani, mweupe akaanza kuhara. Kitovu kilivimba, masikio yakawa baridi, akashindwa kusimama. Mama alimtandikia magunia, akawa anamnywesha maji ya vuguvugu yenye chumvi na sukari. Vijana wenzangu walipita uani wakapaza sauti: "Wee! Ng'ombe wa maskini hazai, na akinunuliwa hufa!"

Nikamwita Bi Mwanasha, jirani yetu mkongwe aliyefuga ng'ombe tangu usichana wake. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba huku ameshapiga magoti, kidole amekitia kinywani mwa ndama.

"Huyu alinyonya dang'a?"

"Sijui, bibi."

"Hujui! Na wewe huko kwa watu ulikaribishwa nini?"

"Dang'a."

"Tamu?"

"Tamu sana, bibi."

"Basi umemla ndama wako angali hai, mjukuu wangu, halafu unaniita nimtafutie ugonjwa."

Kisha ukali ukamtoka, akanieleza polepole. Ndama huzaliwa mwili mtupu, hana cha kumkinga na maradhi. Kinga yake i ndani ya maziwa yale ya kwanza, na saa chache za mwanzo ndizo zenye faida. Siku ikishapita, hata umpe debe zima, kwake ni chakula tu.

"Na mwekundu, mbona mzima?"

"Kawaulize wenyewe," akasema. "Mdomo si unao?"

Nilirudi kule bara. Mke wa mzee akacheka: siku aliyozaliwa mwekundu, nyumba nzima ilikuwa harusini. Hapakuwa na mtu wa kukama, na waliporudi ndama alikuwa amelikausha ziwa la mama yake. Hawakunidanganya, mwanangu. Sikuwauliza.

Mweupe alikufa kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta mama ameketi kando yake. Nikamwambia ukweli wote, na mabakuli mawili nikayataja. Nilitarajia anilaumu.

"Aliyekufa tumzike," akasema. "Huyu mwekundu ni wa baba yako, na hajanywa tangu asubuhi. Wako utamtafuta tena, lakini safari hiyo utauliza."

Tulimlea mwekundu miaka miwili na zaidi. Siku ya Idi nia ya mama ilitimia, nyama ikawafikia hata walionicheka. Mimi nilibaki bila kwato hata moja, nikachunga ng'ombe wa watu miaka mingi kabla ya kupata wangu. Sijutii sana, pale ndipo nilipofundishika.

Kwa hiyo nenda mwenyewe, mwanangu. Picha haisemi ndama alizaliwa lini wala alinyonya nini. Uliza. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu, na mwenye ng'ombe mwema hufurahi kuulizwa. Ukikaribishwa dang'a, usimvunje moyo mwenyeji, sema kwa upole, "Mwenyewe, ndama, ameshashiba?" Akisema ndiyo, bismillahi, ule kwa raha. Mtazame mama mtu kabla ya mtoto. Kitovu kiwe kikavu, mkia uwe safi, macho yang'ae, na ukimpa kidole akivute kwa nguvu. Usikusanye ndama wa nyumba kumi, kila mmoja na maradhi ya kwao. Nyumba moja au mbili unazozijua zinatosha. Ukiwafikisha, watenge na wengine wiki mbili tatu, na daktari wa mifugo awaone hata kama huoni kasoro. Ukipoteza mmoja pamoja na yote hayo, usijichukie. Hata sisi wakongwe bado tunapoteza.

Nenda, Mola akutangulie. Akupe mvua kwa wakati wake, majani ya kutosha na mkono wa huruma kwa kila kiumbe kisichoweza kujisemea. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuwekee karibu mtu wa kukukosoa bila kukucheka. Amina.