Kibuyu Kwenye Baraza la Theodosia

Tangu usichana wake Theodosia alikuwa mpishi wa masista, katika nyumba ya mawe iliyo juu ya kilima upande wa Bugarama, wilayani Ngara. Masista walipohamia makao mapya walimwachia ile ya zamani, naye akaifanya nyumba ya wageni: vyumba vitatu, shuka zilizopigwa pasi ya mkaa, na asubuhi chai ya maziwa na viazi vitamu. Walimu walikuja kupumzika hapo, hata maharusi kutoka Biharamulo. Kisha wakaja wakimbizi kutoka Rwanda, na nyuma yao mashirika ya misaada, na kila nyumba yenye paa zuri ikageuka ofisi. Ya Theodosia ilikuwa bado yake.

Mimi na mke wangu Benedicta tulifika Jumamosi moja ya mwaka 1995, tukitafuta siku mbili za utulivu. Sijui kwa nini niliamini kwamba utulivu ungepatikana Ngara mwaka ule. Pengine kusoma chuo kikuu hakumzuii mtu kuamini anachokitaka. Malori ya chakula cha kambini yalipita bondeni mfululizo, na vioo vya madirisha vikatetemeka.

Barazani, kwenye kiti pekee chenye mto, aliketi mwanamume mnene. Miguuni pake palikuwa na kibuyu kikubwa cha pombe ya ndizi.

"Marahaba, wanangu, karibuni," Theodosia aliitikia salamu zetu. "Huyo ni Fideli, mtoto wa dada yangu. Yuko kwenye shirika. Msimjali."

"Wanijali tu," Fideli akacheka. "Nimekuja kuomba nyumba kwa adabu, na pombe ya nyumbani. Mama mdogo anaogopa kuonja!"

"Siogopi. Sina kiu."

Benedicta ni mzaliwa wa Iringa; jambo hilo lilimshangaza. Jikoni, Theodosia alitueleza huku akimenya viazi. Kwao, anayetaka kitu kikubwa, kama shamba au mchumba, huja na pombe. Ukinywa, umekubali. Usipoigusa, hujamkatalia, naye hana haki ya kukasirika. Anakaa na kungoja.

"Wenzake walipokuja na gari niliwajibu pale pale getini kwamba nina wageni," alisema. "Sasa wamemtuma wa ndani. Huyu simfukuzi."

Basi Fideli akangoja. Alikunywa chai yetu. Alizungumza kwa sauti kubwa kwenye redio ya upepo ya shirika, akiagiza dizeli kutoka Nyakanazi, na usiku alikoroma barazani chini ya dirisha letu. Nilifikiria kumshauri Theodosia akubali, apumzike na kazi ya kufua shuka. Nikajiuliza kama nilikuwa na hoja, au nilitaka tu kulala. Nikajifunika shuka kichwani.

Jumapili tulirudi kutoka misani tukakuta Fideli ameanika soksi zake kwenye dirisha letu. Benedicta alizitazama, akaingia jikoni, akatoka na kikombe, akakijaza pombe kutoka kwenye kibuyu na kukimaliza chote akiwa amesimama.

"Haya! Imenywewa! Sasa ondoka!"

Fideli aliruka. "Nyumba imekubali! Mama mdogo, umesikia?"

"Nimeona," Theodosia alisema polepole. "Aliyekunywa ndiye aliyeombwa. Muombe yeye."

Fideli akamgeukia mke wangu, tayari anacheka kwa hasira.

"Nyumba yangu iko Biharamulo," Benedicta akamwambia. "Bomba halitoi maji na choo kimejaa. Chukua, baba, na huyu mume umpe chumba."

Fideli alikusanya soksi zake. "Nitarudi Jumamosi," alisema, "na kibuyu kingine. Tuone utakuwa na mgeni gani." Akateremka kilimani.

Nilidhani Theodosia angefurahi. Aliketi kwenye kile kiti chenye mto, akatutazama tukifunga mizigo.

"Mtarudi?"

"Tutarudi, mama," nikasema upesi.

"Usinijibu kwa adabu, mwanangu. Kabla yenu vyumba vilikaa mwezi mzima bila mtu. Nikisema nina wageni, na wageni hawapo, nitakuwa nakataa kwa lipi?"

Lori jingine lilipita. Benedicta alisubiri mtikisiko uishe.

"Hatutarudi, mama. Hapa hapalaliki."

"Asante," Theodosia alisema. Akainuka, akaingia chumbani kwetu kuvua shuka, na alipozitoa nje hakuzipeleka kwenye karai la kufulia. Alizikunja vilevile zikiwa chafu, akazifungia kabatini. "Jumamosi huenda nikawa na kiu," alisema.