Kidole Changu kwenye Ukuta wa Makambako

Hyasinta, dada wa mume wangu, ameiba mkono wangu. Namna yangu ya kuchora, niliyoitafuta kwa miaka jikoni kwangu Yakobi, ameichukua akaipeleka Makambako na kusema ni yake. Nimeanza na hilo ili anayesoma asidhani kwamba nasimulia kwa kujifurahisha. Sifurahii. Kila nikilikumbuka jambo hili mate hunijaa mdomoni kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika.

Mimi ni Paskalina. Nilizaliwa Mawengi, kule Ludewa, katika nyumba ambamo wavulana walipelekwa shule na wasichana wakapewa jembe. Kusoma nilifundishwa na masista nikiwa mtu mzima, ili niweze kufuata nyimbo za kanisani, na shule yangu iliishia hapo. Ndoa ndiyo iliyonileta Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe, kwa Nikodemo, mpasua mbao.

Kuchora nilianza kwa sababu ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu wa kwetu hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya blanketi. Mtu anashinda jikoni karibu na moto, anatazamana na ukuta. Ukuta wangu ulikuwa mweusi kwa moshi mpaka nikaukinai. Nikodemo akaniletea makopo ya rangi yaliyobaki kwa fundi mmoja mjini, pamoja na brashi. Nikachora maua mekundu kama yale ya kwenye vitambaa vya makochi. Yakatoka kama nyanya zilizokanyagwa. Nikachora bata niliowaona kwenye kalenda. Nikachora na simba.

Nikodemo alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akamtazama simba kwa muda.

"Mama Judith, huyu anakula nini?"

"Nyama. Simba anakula nini kingine?"

"Mbona ana uso wa mtu aliyeshiba viazi?"

Alicheka mpaka chai ikamwagikia miguuni. Na mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli. Lakini nilipobaki peke yangu nilimchukia yule simba. Sijawahi kumwona simba maishani mwangu. Bata wa aina ile sijawahi kumwona pia, wala maua yale hayaoti Yakobi. Nilikuwa najaza ukuta wangu vitu vya watu nisiowajua, tena kwa kuvikosea.

Nikasiriba ukuta upya, nikaanza tena. Nilijaribu nyuso za watu, zikatoka kama maboga. Nilijaribu nyumba na barabara, zikasimama kama vile zinaogopa kuanguka. Siku moja brashi ilikuwa imekauka na rangi ikawa ngumu kama mti. Nikaitupa nje, nikachukua udongo mweupe wa bondeni, ule tunaosiribia nyumba, nikauchovya kwa kidole gumba, nikabonyeza ukutani bila kuwaza lolote. Kidole changu cha gumba cha mkono wa kulia kimepinda. Kilivunjwa na gogo la mwati, mti wetu wa kuni, nikiwa msichana, na kikaunga vibaya. Alama kiliyoiacha ilikuwa imeinama kushoto, nyembamba nchani, nene kwenye shina. Lilikuwa jani la kiazi. Sikulichora, lilikuja lenyewe.

Nikabonyeza la pili, la tatu, nikajaza mstari. Mistari ikawa matuta ya vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, kama unavyoyaona ukiwa umesimama juu mlimani asubuhi. Kisha, udongo ukiwa bado haujakauka, nikapitisha kiganja chote juu yake taratibu. Matuta ya mbali yakafifia, ya karibu yakabaki. Ukungu! Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta rangi ya ukungu, kumbe ukungu unatokea unapofuta.

Tangu siku hiyo niliacha makopo. Nilitumia udongo wa aina tatu tu: mweupe wa bondeni, mwekundu wa pale walipochimba barabara, na mweusi niliochanganya na masizi. Kila niliporudi kwenye mambo ya kupendeza, ua hapa, ndege pale, ukuta ulikufa. Kila nilipouacha mkono ufanye kile unachofanya bila kuambiwa, ukuta uliamka. Hivyo ndivyo nilivyojua nguvu yangu iko wapi. Ilikuwa katika kidole kile kibovu, ambacho hata mama yangu alikuwa ananiambia nikifiche mbele ya wachumba.

Hyasinta alikuja kuomba mbegu za njegere, akaingia jikoni, akasimama.

"Wifi! Jiko lako lina baridi ya kweli! Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Basi utanifanyia na mimi. Ile nyumba yangu ya barabarani inatia aibu."

Sikukataa. Ni dada wa mume wangu, na aliita mgowe. Kwa asiyejua, mgowe ni kazi ya pamoja: mwenye shughuli anapika pombe, wanawake wanakuja, wanafanya kazi mpaka iishe, kisha wanakunywa. Na mgowe una sheria yake. Kazi ikishaisha ni ya mwenye nyumba. Hakuna anayesema "pembe hii nimesiriba mimi." Akisema hivyo atachekwa mpaka akome, wataambiana kwamba anadai kikombe cha pili. Hata nyimbo za jioni zinamsifu aliyepika, hazimsifu aliyesiriba.

Hyasinta alipika komoni, pombe nzito nzuri, siwezi kusema uongo. Wanawake walikanda udongo na kushika mabeseni. Yunisi, jirani yangu, alikuwa ananipa mweupe. Ukuta wa mbele niliufanya mimi peke yangu, kidole kwa kidole, kuanzia chini ya dirisha mpaka pembeni. Hyasinta siku hiyo nzima mikono yake iligusa ungo na mtungi. Saa zote alikuwa uani akichuja.

Tulikuwa tumekaa tunakunywa lilipokuja gari la Mustapha. Huyu Mustapha ni mfanyabiashara wa Makambako, anachukua viazi vya Hyasinta. Ana pia hoteli ya chakula pale karibu na njia panda, mabasi yanaposimama. Alishuka, akasahau viazi, akaukaribia ukuta.

"Subhanallah. Nani kafanya hii?"

Wanawake wote tulinyamaza. Ndiyo adabu ya mgowe, anajibu mwenye nyumba. Nikamtazama Hyasinta, nikijua atasema, "Ni wifi yangu huyu," maana kumtaja mtu mwingine si kosa, kosa ni kujitaja mwenyewe. Yeye akapangusa mikono yake misafi kwenye kanga.

"Mimi. Kwani nyumba si yangu?"

Akacheka. Wanawake wakacheka naye, wakidhani anatania. Beseni la udongo bado lilikuwa miguuni pangu.

Mwezi haukupita Yunisi akarudi kutoka Makambako, hajatua hata mzigo.

"Kamwene, Mama Judith. Nimeona jiko lako."

"Wapi?"

"Hotelini kwa Mustapha. Ila limepakwa mafuta."

Nilikwenda. Nikavaa kitenge cha kanisani nikapanda gari asubuhi. Makambako ni mji wa upepo na malori, watu wa kila mkoa wanapishana na hakuna anayemjua mwenzake. Pengine ndiyo maana Hyasinta aliuchagua kwa uongo wake. Hoteli niliiona kabla sijavuka barabara. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa matuta yangu ya vinyungu, kwa rangi ya dukani, ya kung'aa, kijani cha plastiki na nyeupe ya jokofu. Ukungu ulikuwa umepakwa kwa brashi, mstari mnene kama uji uliofurika chunguni. Na majani! Majani yote yalikuwa yameinama kushoto. Aliyapinda moja moja kwa brashi, bila kujua kwa nini yanapinda. Ameiga hata kilema changu. Vijana wawili walikuwa wamesimama mbele ya ukuta ule wakipigana picha kwa simu.

Hyasinta alikuwepo, amekaa meza ya mbele kama bibi harusi, anamalizia chapati. Mustapha mwenyewe alikuwa anamwita "Mama Fundi."

"Wifi! Umekuja kuona kazi?" Akainuka, akanikumbatia mbele ya watu. "Mustapha, huyu ndiye wifi yangu wa Yakobi. Huwa ananikandia udongo."

"Karibu sana, mama," Mustapha akasema. "Fundi bila msaidizi hafiki mbali. Chai ya maziwa au ya rangi?"

Nikamwambia Hyasinta tutoke. Tukasimama nyuma, penye mapipa ya maji.

"Ingia ndani umwambie mkono ule ni wa nani."

"Wifi, acha utoto. Mgowe ni mgowe. Nilipika, mkanywa, ukuta ukawa wangu."

"Ukuta wa Yakobi ni wako. Ubomoe ukitaka. Huu wa hapa uliuitia mgowe lini?"

"Huu nimeuchora mwenyewe."

"Umechora. Haya, majani yanapinda kushoto kwa nini?"

Akatazama kucha zake. "Ndiyo staili yangu."

"Nyoosha gumba lako."

Hakulinyoosha. Alilificha ndani ya ngumi kama mtoto aliyeficha sukari. Kisha akaanza kulia, machozi mepesi, yale ya kuitwa.

"Unataka nidhalilike mbele ya watu wa mbali? Mimi, niliyekutolea mahari na kaka yangu?"

Nikamwacha na mapipa yake, nikaingia mwenyewe. Nikamwambia Mustapha mbele ya wateja wake kwamba namna ile ya kuchora ni yangu, jiko liko Yakobi, aje alione. Sikupiga kelele. Mustapha alinisikiliza mpaka mwisho, naye si mtu mbaya. Kisha akapandisha mikono kama mtu aliyesimamishwa barabarani.

"Mama yangu, mimi nimepita kila mizani kuanzia Tunduma mpaka bandarini, na hakuna ninachoogopa kama ugomvi wa mawifi. Kamalizeni nyumbani. Mimi mtu wa nje."

Wateja wakacheka. Hyasinta akaingia akijifuta macho, na mhudumu akamvutia kiti.

Nyumbani nilimkuta Nikodemo ananoa msumeno. Nilimweleza yote, naye aliendelea kunoa.

"Unataka niseme nini? Si alipika pombe?"

"Jiko langu uliliona kabla ya pombe. Ulimwona simba. Uliona siku nilipoacha brashi."

"Niliona."

"Basi mwambie hivyo."

"Ni dada yangu, Mama Judith."

Akageuza msumeno upande wa pili. Mwanamume aliyelala kitanda kimoja na mimi miaka yote hii, aliyekula ugali chini ya ukuta ule kila jioni, alishindwa kusema neno ambalo lingemgharimu aibu ya nusu siku. Chakula nilimwandalia usiku huo, lakini nilikaa nisimtazame akitafuna.

Kuchora sikuacha. Watu wengine hupenda kusikia kwamba mwanamke aliyeonewa alivunja chungu, akaufuta ukuta. Mimi siwezi kuufuta wangu kwa ajili ya mwizi. Nimefika mpaka ukuta wa zizi sasa, na mkono unazidi kuwa mwepesi. Nimeanza kuwaweka watu ndani ya matuta, alama ya kidole kimoja kwa kila mtu, wameinama wanapalilia, nao wanaonekana wanapumua. Hyasinta hawezi kufika huko, maana hana cha kunakili bado.

Lakini hivi karibuni Yunisi alikuja na mgeni wake kutoka mjini, dada mmoja wa ofisini, mwenye viatu vya kuogopa matope. Aliingia jikoni akatabasamu.

"Kumbe na huku mmeiga ule wa hotelini Makambako! Umejitahidi, mama. Ila wa kule unang'aa zaidi."

Yunisi aliangalia chini. Yunisi, aliyenishikia beseni! Niliwaandalia chai, wakanywa, wakaondoka. Mimi ndiye mwigaji sasa, ndani ya jiko langu mwenyewe, chini ya kidole changu mwenyewe. Hapo ndipo wizi ulipokamilika.

Kwa hiyo bado nadai. Rangi ya ule ukuta ni ya Mustapha, na viti wanavyomvutia Hyasinta akalie siviwanii. Hyasinta ana deni la maneno machache tu: asimame kwenye mgowe, mchana, mbele ya wanawake walewale aliocheka nao, aseme mkono ni wa Paskalina na yeye aliuiga. Akirudi Makambako akaseme hivyohivyo pale meza ya mbele, kwa sauti ileile aliyosema "Mimi." Yunisi na wenzake waliokunywa wakanyamaza wana deni la kusema kile walichokiona kwa macho yao. Na Nikodemo, ambaye hakuhitaji kuwa kwenye mgowe wowote ili ajue, ana deni kuliko wote. Neno lake ni fupi kuliko la wengine, amelishika mdomoni, na kila asubuhi anatoka nalo kwenda kupasua mbao.