Wifi Ameshika

Mhariri yule hulamba dole gumba kabla ya kufunua ukurasa, hata wa kompyuta, ndiyo maana kioo chake kimejaa madoa. Kila sentensi huisoma kwa sauti, akiibembeleza kama mtoto, kisha huifuta huku akisonya. Jarida lake la uhifadhi wa wanyamapori lilipokoma kuchapwa, wifi yake, dada wa mumewe, hakuficha furaha: "Afadhali! Karatasi zenyewe za kufungia karanga." Leo jarida linafufuka mtandaoni, bure, halina kufuli, atakaye asome. Fundi wa mitambo akampigia simu.

"Bonyeza sasa, Mama. Wifi ipo?"

"Yupo sebuleni, ananisengenya."

Fundi alicheka hadi akapaliwa. Mhariri akalamba dole gumba, akabonyeza, na kiungo cha jarida kikatua kwenye simu zote za ukoo. Mara sebuleni ikapasuka sauti ya wifi ikisoma sentensi ya Mhariri mwenyewe: "'Kakakuona akiona hatari hujiviringisha, mwanawe akabaki katikati.' Jamani, sikieni! Wifi, nimelamba kidole kama wewe, mbona ukurasa haufunuki?"

"Mama," fundi aliuliza, "wifi imeshika?"

Mhariri akainuka kama malkia.

"Ameshika, mwanangu. Na haachii."