Daftari Alilolichoma Mama

Miaka ile ya vita nilitunza mitambo katika ofisi ndogo ya misaada Rumonge. Mtambo wenyewe ulikuwa ruta moja, kisanduku cha chuma kilichoziunganisha kompyuta zetu na Bujumbura kupitia antena ya paani. Simu za waya zilikuwa zimekatwa, za mkononi hazijatufikia. Kisanduku kikinyamaza, nasi tumenyamaza.

Ndani yake mlikuwa na faili la mipangilio: anwani, njia, maneno ya siri. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nililinakili lote kwa mkono kwenye daftari la shule, nikalificha nyumbani chini ya godoro, ili mwizi akiiba kisanduku asipate na funguo zake. Nilijiona mjanja.

Asubuhi moja nilibadilisha neno la siri, na nikiwa katikati ya kuhifadhi, umeme ukakatika. Tulipowasha jenereta, ruta iliamka tupu, kama siku iliyotoka dukani. Sikuhangaika sana, si nina daftari? Ndipo wakaingia wachuuzi wa samaki waliotembea kwa miguu kutoka Magara, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walisema watu wenye bunduki wanasubiri magari barabarani. Kaka yangu alikuwa dereva wetu. Saa sita angeondoka Bujumbura kuja kwetu kwa barabara hiyo hiyo, na sasa ilikuwa saa nne.

Nilikimbia nyumbani. Chini ya godoro hapakuwa na kitu.

"Nililichoma mu mbabura," mama alisema, akigeuza maharage juu ya jiko lilo hilo la makaa. "Mu Gatete, hapa jirani, askari wanasaka nyumba kwa nyumba. Wangeniuliza hizi namba iko za nini, ningejibu nini?"

Niseme kweli: kwa muda wa pumzi moja nilimchukia mama yangu. Kisha nikaelewa. Alitulinda kwa njia aliyoijua. Sikumwambia mwanawe yuko hatarini.

Nilirudi ofisini nikaandika faili upya kwa kumbukumbu. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Tarakimu mbili tu nilizigeuza, na kuzigundua kulinila nusu saa. Saa sita kasorobo Bujumbura ikaitika.

Kanuni ya kazi naijua: hifadhi kwanza, mengine baadaye. Lakini jenereta ilikuwa inakohoa, mafuta yanaisha, na kuhifadhi ndiko kulikoniponza asubuhi. Nikaandika: "Dereva asitoke. Magara si salama." Nikatuma. Kabla jibu halijarudi, jenereta ikazima na kazi yangu yote ikapotea.

Saa tisa gari halikuja. Saa kumi barabara ilifungwa kama kila siku, halikuja. Ama ujumbe ulimfikia, ama alitoka na hakufika. Sikuwa na namna ya kujua. Jioni mama alimpakulia kaka sahani yake, akaifunika. "Amechelewa," akasema. Nikaitikia. Sikuweza kula.

Kesho yake, karibu adhuhuri, gari letu liliingia nyuma ya msafara wa askari. Kaka akashuka, amenuna.

"Ni nani alinifungia mu Bujumbura," akauliza, "kwa maneno matano tu, bila hata salamu ya amahoro?"

Nilimshika shati kwa mikono miwili, nikalia mbele ya askari wote.