Dohani Chini, Rafadha Juu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Louisville, msimamizi, Mrundi mwenye mvi, alinipa ubao na tupa.

"Mzee, huko Kongo ulitengeneza nini?"

"Vitanda na milango."

"Haya, leo utatengeneza mbavu."

Karakana yetu iliunda mifano ya meli kwa ajili ya makumbusho. Kazi iliyokuwa mezani ni manowari ya zamani, ya wakati ambapo mabaharia walikuwa wameupata mvuke lakini hawajauamini bado. Waliipa meli injini, na matanga wakaiachia. Mbavu zake, yaani mataruma, zilipanda kutoka kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa meli. Matanuri ya mvuke yaliwekwa chini ya usawa wa maji, na makaa yakapangwa ubavuni ili risasi za mizinga zisipenye. Niliipenda akili hiyo: chakula cha moto kiwe ngao pia.

Kiwiliwili kilipokamilika, nilihama nacho kwenda Columbus, kwenye karakana ya kumalizia. Mimi na mke wangu, Mama Neema, tukapata nyumba jirani na Clintonville. Huko bosi wangu alikuwa mchoraji mkuu, mama wa Kimarekani asiyecheka ovyo. Alinifundisha mambo mawili. Meli ikienda kwa upepo, rafadha, ile pangaboi ya nyuma, huikokota kama mguu mbovu. Kwa hiyo walichonga kisima katika tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, wakawa wanaivuta juu kwa kamba. Dohani nayo, bomba la moshi, ilijikunja kipande ndani ya kipande.

"Dohani chini, rafadha juu, ndipo matanga yafunguliwe," alisema. "Ukivuruga hapo, umetengeneza pambo, si meli."

Fundi wa kushona hakuwepo. Nikamtaja mke wangu. Tanga la kwanza alilikata katika kitambaa kimoja, na mchoraji akalirudisha: tanga la kweli ni vipande vyembamba vilivyounganishwa.

"Papa Neema," mke wangu alisema, "huyu mama anashinda hata mama yako kwa ukali!" Akafumua lote.

Jioni wamama wa kanisa walikuja kumshikia kitambaa. Mama Furaha hakukosa la kusema: "Donc, kwa hiyo meli inashonewa manguo mapya, na sisi tunavaa ya mitumba?"

Mke wangu alipomaliza tanga la mwisho alikuwa tayari mgonjwa. Aliniomba jambo moja: ayaone yamefunguliwa, pamoja na wenzake. Alifariki kabla milingoti haijasimama.

Nilienda Buffalo, kwenye makumbusho yaliyoagiza meli, peke yangu, matanga ndani ya sanduku. Mkurugenzi wa maonyesho, kijana mpole, alikuwa ameamua meli ionekane ikiingia bandarini: dohani juu, rafadha majini, matanga yote yamekunjwa na kufungwa kwenye foromali, zile boriti za kulala mlingotini. Uamuzi wake ulikuwa sahihi. Nilianza kuyakunja matanga, moja moja.

Mkurugenzi mwenyewe akanifuata. "Mzee, nimesikia habari za mkeo. Tufungue machache. Wageni hawatajua."

Nilitamani sana kukubali. Lakini rafadha ilikuwa chini.

"Asante, bosi. Mke wangu alifumua tanga zima kwa kitu ambacho wageni wasingekijua. Nipe tu Jumapili moja kabla kioo cha kuifunika meli hakijafungwa."

Wamama walitoka Columbus kwa gari la kanisa. Mbele yao niliteremsha dohani, nikavuta rafadha kupitia kisima chake, nikafungua matanga moja moja, hadi meli ikajaa weupe. Kisha Mama Furaha akasogea karibu.

"Angalia mshono wa Mama Neema! Hata upepo utatafuta pa kupita."

Waliimba wimbo mmoja, polepole. Nilipoanza kukunja, walikuja kunishikia kitambaa, kama walivyozoea kumshikia yeye. Nikashusha rafadha, nikapandisha dohani. Kesho yake kioo kikafungwa, nami nikastaafu.

Ninyi vijana mnaoanza kazi huniuliza fundi anabaki na nini. Naishi Kensington-Bailey, hapa Buffalo, na mara nyingine naenda kuitazama meli. Wageni husifu mizinga, husifu dohani. Siku moja bwana mmoja aliniuliza kama matanga hayakushonwa.

"Yameshonwa yote," nikamwambia. "Meli imefika, ndiyo maana yamefungwa."